Sura ya Saba: Nati Ndiyo Inayochagua Spana

Nati ya gurudumu la Toyota ndogo nyingi zinazotembea katika barabara zetu, ziwe Vitz au Probox, hutakiwa kukazwa kwa nyutoni mita 103. Namba hiyo imeandikwa na waliolitengeneza gari. Lakini muulize mtu aliyetoka kubadili tairi amekaza kiasi gani, naye atakujibu, "Nimekaza sana." Mmoja amevuta kwa mkono, mwingine amepanda juu ya wili spana kwa mguu, na kijana wa pancha amepiga mashine ya upepo mpaka nati ikagoma. Wote watatu wamekaza, na hakuna anayejua amefika wapi.

Spana ya kupima, ambayo mafundi wengi huiita toki renchi, ndiyo inayoliondoa jambo hilo katika kubahatisha. Tatizo ni kwamba mtu akishaamua kuinunua, huenda dukani na kuuliza iliyo nzuri. Muuzaji humpa kubwa, yenye mpini mrefu na kiboksi chekundu, naye hurudi nyumbani akiamini amemaliza. Baada ya miezi michache sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, inavuja. Spana haina kosa, ila ilinunuliwa kabla nati hazijaulizwa.

Uzito wa namba 103

Kipimo cha kukaza ni nguvu unayosukuma nayo, mara urefu wa mpini kutoka katikati ya nati hadi mahali mkono ulipo. Chukua dumu la lita 20, lijaze maji. Maji yana kilo 20, na dumu lenyewe lina kama kilo moja. Litundike kwenye mpini wa spana uliolala sawasawa, nusu mita kutoka katikati ya nati. Kilo 21 huvuta kwa nguvu ya nyutoni 206 hivi. Zidisha kwa nusu mita, unapata 103. Kila nati ya gurudumu la Vitz inataka hilo dumu moja tu, wala si zaidi.

Sasa mweke mtu wa kilo 70 asimame mwisho wa mpini huohuo. Anatoa nyutoni mita 343, zaidi ya mara tatu. Akiongeza bomba mpaka mpini ufike mita moja, anakaribia 690. Upande wa pili, wili spana fupi iliyokuja na gari, yenye kama sentimita 25, itampa anayevuta kwa nguvu ileile ya dumu moja nyutoni mita 51 tu. Ndiyo maana mkono, hata wa fundi mzoefu, hudanganywa: msuli unahisi nguvu, lakini hauhisi urefu wa mpini.

Kwa nini kiasi kiwe na maana hivyo? Kwa sababu bolti hushika kwa kuvutika. Ukikaza nati, stadi, yaani bolti ya gurudumu, inanyooshwa kidogo sana, na kwa kutaka kurudi inalibana rimu dhidi ya disiki. Stadi ya Vitz ina kipenyo cha milimita 12. Kwa hesabu ya kawaida ya wahandisi, nyutoni mita 103 katika stadi kavu ya unene huo huleta mbano wa karibu tani 4.4. Stadi nne ni zaidi ya tani 17. Mbano huo ndio unaolishika gurudumu. Stadi hazikuwekwa ili zibebe gari kama vigingi. Nati ikilegea, rimu huanza kucheza, stadi hupindwa huku na huku kila gurudumu linapozunguka, na mwisho hukatika. Ikikazwa kupita kiasi, stadi hunyooka na kushindwa kurudi, meno ya nati hulika, na disiki iliyobanwa upande mmoja kuliko mwingine huweza kupinda hata usukani ukatetemeka unapofunga breki. Wahenga walishasema: ngoma ikivuma sana hupasuka.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalijui. Katika kila nguvu unayoitia kwenye nati, takriban nusu huishia kwenye msuguano chini ya nati, asilimia 40 hivi huishia kwenye meno, na kama asilimia 10 tu ndiyo inayoinyoosha bolti. Kwa hiyo ukipaka grisi kwenye stadi, msuguano hupungua na nguvu uliyookoa huenda kuinyoosha. Namba ileile 103 kwenye stadi iliyopakwa grisi inaweza kuleta mbano wa karibu tani 5.8 badala ya 4.4. Spana itakuambia umekaza sawasawa, kumbe umezidisha kwa theluthi nzima. Watu wa Mombasa, Tanga na Zanzibar, ambao chumvi ya bahari hula kila chuma, hupenda kupaka grisi ili nati zisigande. Afadhali brashi ya waya. Safisha meno, safisha uso wa rimu unaogusana na kitovu cha gurudumu, kisha kaza pakavu, isipokuwa kitabu cha gari lako kimesema vingine.

Andika nati zako kwanza

Kabla ya kuingia dukani, kaa na karatasi. Andika kazi ambazo wewe mwenyewe, nyumbani kwako, unazifanya au unakusudia kuzifanya. Kwa wengi orodha ni fupi: kubadili tairi, kumwaga oili, kubadili plagi, breki pedi za mbele, labda gasketi ya tapeti kava. Kisha mbele ya kila kazi andika namba kutoka kitabu cha huduma cha gari lako.

Ukiwa na gari lenye injini ya 1NZ, ile iliyomo katika Vitz, Probox na Fielder nyingi, utaona kitu cha kufurahisha. Magurudumu ni 103. Bolti zinazoshikilia mabano ya kaliper ya breki nazo huwa katika ujirani huo. Halafu kuna pengo, na chini yake namba ndogo: bolti ya sampu karibu 38, plagi kati ya 18 na 25 kutegemea injini na aina ya plagi, bolti za tapeti kava karibu 10. Nati zako ni za koo mbili. Kubwa ziko kwenye chuma na zinashika uhai wa abiria. Ndogo ziko kwenye alumini na zinashika mfuko wako.

Sasa tazama toki renchi ya nusu inchi inayouzwa kila mahali. Nyingi huanzia nyutoni mita 40 hivi na kuishia 210. Bolti ya sampu inataka 38. Haimo hata kwenye mpini! Hapo ndipo sampu nyingi zinapoharibikia. Mtu anaizungusha spana mpaka alama ya chini kabisa, anavuta, anasubiri mlio wa kumwambia amefika, na mlio haumjii au unamjia kwa udhaifu asiusikie. Anaendelea kuvuta. Bolti yenye kichwa namba 14, ndani ya alumini laini, kwa mpini wa nusu mita, haimwonyi mtu. Ghafla inalainika mkononi, na anaposikia ulaini huo, meno ya sampu yameshatoka pamoja na bolti.

Hata kama namba yako imo kwenye spana, usiitegemee ikiwa chini kabisa. Usahihi wa spana ya mlio huwa mbaya zaidi katika sehemu ya chini ya kipimo chake, na kanuni ya vitendo ni kuiacha asilimia 20 ya chini. Spana ya hadi 210, basi, ianze kuaminika kutoka kama 45. Lenga nati zako ziangukie katikati.

Aina za spana

Anayetajwa kuwa mvumbuzi wa spana ya kupima ni Conrad Bahr, mwaka 1918, alipokuwa akifanya kazi Idara ya Maji ya Jiji la New York. Kilichomsukuma ni bolti za mabomba ya chini ya ardhi, ambazo mafundi walikuwa wakizikaza kupita kiasi. Tangu hapo vifaa hivi vimegawanyika katika aina chache zinazomhusu mtu wa nyumbani.

Spana ya mshale ni fimbo ya chuma inayopinda kidogo unapovuta, na mshale mwembamba usiopinda unaonyesha namba kwenye kibao. Haina springi wala betri. Mshale ukisimama kwenye sifuri kabla hujavuta, spana ni nzima; usiposimama, unaupinda taratibu kwa kidole mpaka urudi. Ni ya bei nafuu na hudumu miaka mingi. Ubaya wake ni kwamba lazima uutazame mshale uso kwa uso. Ukilala chini ya gari na kibao kimegeukia pembeni, unasoma namba ya uongo.

Spana ya mlio ndiyo inayopendwa zaidi. Unazungusha mpini mpaka namba unayotaka, unavuta, na ikifika inatoa tik na mpini unakatika kidogo mkononi. Unaweza kuitumia gizani. Ndani yake kuna springi, na springi huchoka ikiachwa imebanwa. Ukimaliza kazi, irudishe kwenye namba ya chini kabisa iliyoandikwa, usiifungue zaidi ya hapo. Ipo aina yake ya bei ya juu, ambayo mpini wake haubani springi kwa namna hiyo na haihitaji kurudishwa chini. Kwa anayefanya kazi kila siku inafaa. Kwa wa nyumbani ni anasa.

Ya kielektroniki huonyesha namba kwenye kioo, hulia na kuwaka taa, na nyingine hupima nyuzi za kuzungusha. Ni sahihi, ila inataka betri na uangalizi dhidi ya maji na vumbi. Kuna pia vipande vidogo vya kielektroniki vinavyokaa kati ya racheti yako na soketi. Vinafaa kwa mwenye racheti nzuri tayari.

Mwisho kuna fimbo za rangirangi zinazofungwa kwenye mashine ya upepo. Hujisokota zikifikia kiasi fulani ili nati isizidi. Hupunguza madhara ya mashine, lakini matokeo hubadilika kulingana na mashine na upepo wake. Gereji inayozitumia bado inapaswa kumalizia kwa mkono.

Mbele ya muuzaji

Ukiwa Kariakoo au Kirinyaga Road, anza na kipimo kilichoandikwa kwenye mpini, na uhakikishe kina Nm. Spana nyingi zina pia futi-pauni. Magurudumu yale ya 103 kwa futi-pauni ni 76. Mtu akiweka 103 upande wa futi-pauni, anakaza Nm 140. Vitabu vya zamani vya Kijapani huandika kwa kilo-sentimita, na hapo utaikuta namba hiyohiyo ikiwa 1,050. Kuigeuza ni rahisi: gawa kwa 10, upate namba iliyo karibu sana na Nm, kisha punguza kidogo, kama asilimia 2.

Tafuta karatasi ya upimaji yenye namba ya spana ileile iliyomo kwenye boksi. Kiwango cha kimataifa cha ISO 6789 huruhusu spana za aina hii zinazozidi nyutoni mita 10 kukosea kwa asilimia 4 juu au chini, na zile ndogo asilimia 6. Kiwango hicho pia huweka muda wa kupimwa upya: miezi 12 au mivuto 5,000, kile kitakachotangulia. Wewe wa nyumbani hutafika mivuto 5,000 kwa miaka mingi, lakini ikianguka chini kwenye sakafu, usiiamini mpaka uipime.

Usisahau soketi. Kwa magurudumu nunua namba 21 yenye pembe sita ndani, wala si 12, kwa sababu pembe sita hukamata ubapa wa nati na hazili kona. Kama una spoti rimu, hakikisha ukuta wa soketi ni mwembamba kiasi cha kuingia kwenye tundu bila kukwaruza.

Ukinunua ya mtumba, au ukitaka kuijaribu uliyo nayo, dumu lile la maji litafanya kazi. Funga kichwa cha mraba kwenye jiliwa, mpini ukiwa umelala sawasawa na uzito ukivuta upande wa kukaza. Pima kutoka katikati ya kichwa hadi katikati ya mshiko. Tuseme ni sentimita 45. Pima uzito wa dumu kwa mizani. Tuseme kilo 21. Zidisha 21 kwa 9.81, kisha kwa 0.45. Ni karibu 93. Ongeza kama 3 kwa uzito wa spana yenyewe, upate 96. Sasa weka spana kwenye 90 na uliachie dumu taratibu: ni lazima ilie. Iweke kwenye 102 na urudie: isilie. Ikifaulu yote mawili, inatosha kwa kazi ya nyumbani. Ikilia hata ikiwa 115, inakuachia nati zilizolegea, na nafasi yake ni kwa mwenye kuuza vyuma chakavu.

Jinsi ya kuvuta

Anza kila nati kwa vidole, mizunguko kadhaa, ili meno yasipandane. Gari likiwa juu ya jeki, kaza kiasi cha rimu kukaa mahali pake. Teremsha mpaka tairi iguse chini na isizunguke, kisha vuta kwa hatua mbili: kwanza 60, halafu 103. Nati nne, nenda kwa msalaba. Tano, ruka moja kila mara kama anayechora nyota. Shika katikati ya mshiko, vuta polepole bila kushtua, na ikilia, acha. Watu wengi huongeza tik ya pili na ya tatu kwa ajili ya usalama. Kila moja inaongeza kidogo.

Zingatia hili kuliko yote: spana ya mlio inajua kukuambia kwamba hujafika, haijui kukuambia kwamba umepita. Kama kijana wa pancha ameshapiga mashine mpaka 200, ukiweka yako kwenye 103 na kuvuta, italia mara moja na wewe utafurahi bure. Dawa ni kuzilegeza nati zote kwa wili spana, moja moja, kisha kukaza upya. Na usiilegezee nati kwa spana ya kupima. Hiyo ni kazi ya racheti na mpini mrefu.

Angalia pia umbo la nati. Magari yaliyotumika hutufikia yakiwa na rimu zilizokwisha badilishwa. Rimu nyingi za asili za alumini za Toyota hutaka nati yenye washa bapa. Rimu nyingi za kununua hutaka nati yenye ncha ya koni. Nati isiyolingana na tundu lake italia kwenye 103 kama kawaida, na bado gurudumu litalegea. Baada ya kufunga rimu mpya, kaza tena ukishatembea kati ya kilomita 50 na 100.

Kwa kazi ndogo kuna njia hata bila spana. Plagi mpya yenye washa yake, injini ikiwa imepoa, huzungushwa kwa mkono mpaka ikae, kisha nusu mzunguko hadi theluthi mbili. Plagi ya zamani, ambayo washa yake imeshabonyea, hutaka kama sehemu moja ya kumi na mbili ya mzunguko. Filta ya oili hupakwa oili kidogo kwenye mpira, huzungushwa mpaka mpira uguse, halafu robo tatu ya mzunguko kwa mkono. Bolti za hedi usizijaribie. Katika injini nyingi za sasa hukazwa kidogo kwanza, kisha huzungushwa kwa nyuzi zilizopangwa, na baadhi hazitumiki mara ya pili. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye kitabu.

Ununue ipi

Kama fedha zinatosha spana moja, nunua ya mlio ya nusu inchi, kati ya 40 na 210, kwa sababu gurudumu likitoka barabarani hakuna cha kurekebisha baadaye. Zikipatikana za spana ya pili, usitamani kubwa zaidi. Nunua ndogo ya tatu ya nane ya inchi, yenye kuanzia 10 hadi 60, maana ndiyo itakayolinda sampu na meno ya plagi, na kwa mtu anayemwaga oili mwenyewe hurudisha bei yake siku inapozuia sampu moja kuharibika. Bolti za tapeti kava zitakuwa chini ya uwezo wake wa kuaminika. Hizo kaza kwa racheti fupi, kidogo kidogo, ukizunguka mara kadhaa. Ya tatu huihitaji.

Na utakapokwenda kwa fundi wa pancha, mwombe mapema asimamishe mashine pale nati inapogusa rimu, kisha umalizie wewe kwa spana yako. Fundi mwema hatakasirika, na huenda siku moja akaagiza yake.